Maktaba ya Shule na Wafadhili Wake

Na tuweke mfano wa shule mbili katika uwanda wa Ufipa. Hatuzipi majina, maana ni mfano tu. Lakini mambo yaliyozipata hutokea kweli katika nchi nyingi.

Shule ya kwanza ililetewa na wafadhili wa mbali vitabu 1,000 katika masanduku. Siku ya kuvipokea ngoma zilipigwa na hotuba zikatolewa. Kisha vitabu vikatiwa katika kabati la ofisi ya mwalimu mkuu, na kabati likafungwa kwa kufuli. Mwalimu huyo hakuwa mtu mbaya. Alihofu tu ya kuwa watoto watavichafua vitabu na kuvipoteza, naye atakosa la kuwajibu wafadhili. Miaka mitatu ikapita. Kabati lilipofunguliwa, mchwa walikuwa wamekwisha kula safu ya chini, na safu ya juu ilikuwa imeshika ukungu.

Shule ya pili ilipata vitabu 300 tu. Ngoma hazikupigwa. Lakini kabla vitabu havijafika, chumba kilikuwa tayari, rafu zilikuwa tayari, na daftari la kuazimisha lilikuwa limekwisha pigwa mistari. Katika juma la kwanza watoto walikwenda na vitabu nyumbani.

Sasa fanyeni hesabu. Katika shule ya pili kila kitabu kiliazimwa mara 10 kwa mwaka. 300 mara 10 ni 3,000. Basi kwa mwaka mmoja vitabu vile 300 vilisomwa mara 3,000. Katika shule ya kwanza vitabu 1,000 vilisomwa mara ngapi? 1,000 mara sifuri ni sifuri. Je, shule ipi ina maktaba?

Jibu lenu ndilo fundisho la somo hili. Mfadhili aweza kuleta vitabu, lakini maktaba hawezi kuileta. Maktaba hufanywa na wenyeji wenyewe, yaani walimu, wazazi na wanafunzi, kwa kazi ya mikono na kwa uaminifu wa kila siku. Na tuone jinsi kazi hiyo inavyofanywa.

1. Safari ya vitabu kufika Ufipa

Ufipa ni nchi ya juu. Upande wa magharibi liko Ziwa Tanganyika, upande wa mashariki liko Ziwa Rukwa, na katikati uwanda umeinuka. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo sababu katika miezi ya Juni na Julai watu huota moto asubuhi. Nchi hii ni njema kwa mahindi, ulezi na maharagwe, lakini kwa mizigo itokayo pwani ni mbali, tena ni mpando.

Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadri Weupe, walipokea ngome ya Karema, kandokando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Siku zile kitabu kilichotoka pwani kilibebwa na mpagazi, kichwani au begani, mwendo wa miezi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa yapata kilo 30. Katika uzito huo vilipaswa kuingia nguo, dawa, misumari na vyombo vya kazi. Basi aliyetia kitabu katika mzigo alikuwa ameacha kitu kingine kwa ajili yake.

Mwaka 1914 reli ilifika Kigoma. Ziwani ilikuwapo meli iliyoundwa na Wajerumani. Wenyewe waliizamisha mwaka 1916 wakati wa vita. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba. Tangu hapo mzigo uliweza kwenda kwa gari la moshi mpaka Kigoma, kwa meli mpaka bandari za kusini kama Kipili na Kasanga, kisha ukapandishwa milimani hadi uwandani. Siku hizi iko barabara ya lami ipitayo Mbeya na Tunduma. Hata hivyo, kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,000, na kila sanduku hulipiwa.

Twakumbuka safari hii ili tujue ya kuwa kitabu hakifiki Ufipa kwa bahati tu. Yupo aliyekiandika, yupo aliyekinunua, yupo aliyelipa nauli yake, na yupo aliyekipakua kwa mikono yake. Kukiacha kioze ni kuitupa kazi ya watu hao wote kwa siku moja.

2. Wafadhili ni watu gani?

Mfadhili ni mtu amtendeaye mwenziwe wema bila kudai malipo. Wafadhili wa maktaba wako wa namna nyingi. Na tuwatazame wachache.

Andrew Carnegie alizaliwa Dunfermline, katika nchi ya Uskoti, mwaka 1835. Baba yake alikuwa mfuma nguo maskini. Mwaka 1848 jamaa hiyo ilihamia Marekani, na Andrew akaanza kazi katika kiwanda cha nguo akiwa bado mtoto. Baadaye akawa tarishi wa kupeleka habari za simu ya maandishi. Katika mji wao alikuwako mtu aitwaye Kanali James Anderson, mwenye vitabu yapata 400. Kila Jumamosi aliwaazima vijana wafanyao kazi. Ikatokea kanuni ya kuwa wanagenzi wa ufundi tu ndio watakaoazima bure, na tarishi hakuhesabiwa miongoni mwao. Andrew hakunung'unika kando. Alitwaa kalamu, akaandika barua gazetini, akaeleza kwa adabu kwa nini vijana kama yeye nao wastahili kusoma. Mlango ukafunguliwa.

Kijana huyo alipokuwa mtu mzima alitajirika kwa kazi ya chuma, na fedha zake zilijenga maktaba 2,509 katika nchi mbalimbali, nyingi zaidi katika Marekani. Lakini angalieni sharti lake. Mji ulioomba maktaba ulipaswa kutoa kiwanja, tena kuahidi ya kuwa kila mwaka utatoa sehemu moja katika kumi ya fedha zile ili kuitunza. Mji uliopewa dola 10,000 uliahidi dola 1,000 kila mwaka. Carnegie alijua ya kuwa nyumba nzuri isiyo na mtunzaji ni gofu la kesho.

Mfadhili wa pili ni mwanamke. Mwaka 1954, mume wake alipokuwa Gavana wa visiwa vya Bahamas, Bibi Hermione Ranfurly aliona ya kuwa shule za huko hazina vitabu. Akawaandikia rafiki zake Uingereza kuwaomba vitabu walivyokwisha kuvisoma. Kazi iliyoanza kwa barua zile ikawa chama kikubwa, ambacho tangu mwaka 1994 huitwa Book Aid International. Chama hicho hupeleka vitabu katika nchi nyingi za Afrika, na Tanzania ni mojawapo. Siku hizi hupeleka vitabu vipya, maana kilijifunza ya kuwa kitabu kichakavu, kilichoachwa na mwenyewe, mara nyingi hakimfai mwingine.

Wako pia wafadhili walio karibu nasi. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ukisaidiwa na watu wa Kanada. Mradi huo haukungoja vitabu vya kigeni tu. Ulisaidia waandishi, wachoraji na wachapaji wa hapa nchini kutoa vitabu vya Kiswahili kwa watoto, ukavinunua na kuvigawa mashuleni. Hivyo fedha moja ilifanya kazi mbili: mtoto alipata kitabu, na mwandishi wa nyumbani alipata moyo wa kuandika kingine.

Serikali nayo ina sehemu yake. Sheria ya kuunda huduma ya maktaba ilipitishwa Tanganyika mwaka 1963, na maktaba kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Bodi ya Huduma za Maktaba ina maktaba katika miji mikuu ya mikoa, na Sumbawanga ni mmojawapo. Mwalimu atakaye kujua jinsi ya kupanga vitabu hana haja ya kusafiri mbali kupata shauri.

Mwishoni wako wafadhili ambao mara nyingi huwasahau watu wa hotuba. Mzazi aliyefyatua matofali ya chumba ni mfadhili. Fundi seremala aliyeranda mbao za rafu kwa nusu ya ujira ni mfadhili. Mama aliyeleta maji ya kukandia udongo ni mfadhili. Majina yao yafaa kuandikwa ukutani pamoja na jina la yule wa ng'ambo.

3. Kuomba kwa adabu na kwa akili

Kuomba si aibu, lakini kuomba ovyo ni hasara. Shule ikiandika, "Tuletee vitabu vyovyote," itapata vyovyote: vitabu vya sheria za nchi nyingine, vitabu vya chuo kikuu, na vya hesabu za fedha zisizotumika hapa. Vitajaza chumba, wala havitasomwa. Katika shule zetu za msingi masomo mengi hufundishwa kwa Kiswahili, na katika sekondari kwa Kiingereza. Basi mtoto wa msingi ahitaji kwanza vitabu vingi vya Kiswahili ili apate mwendo wa kusoma, kisha vya Kiingereza chepesi ili avuke salama.

Barua njema ya kuomba husema mambo matano: sisi ni nani; tumefanya nini wenyewe; twaomba nini hasa; tutavitunza jinsi gani; na tutaleta habari lini. Tazameni mfano huu.

"Kwa Mheshimiwa Mfadhili,

Salamu nyingi. Sisi ni shule ya msingi ya kijiji katika uwanda wa Ufipa, na wanafunzi wetu ni 420. Wazazi wamekwisha kujenga chumba cha matofali ya kuchoma chenye madirisha mawili, na fundi wa kijiji ametengeneza rafu 6. Mwalimu mmoja na wanafunzi wanane wamechaguliwa kuwa watunzaji.

Twaomba vitabu 200 vya Kiswahili, vya hadithi na vya maarifa, vitabu 90 vya Kiingereza chepesi, na kamusi 10. Vitabu vya chuo kikuu havitatufaa. Nauli ya masanduku kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga tutalipa sisi kwa fedha za shamba la shule.

Kila kitabu kitaandikwa katika daftari. Mwisho wa mwaka tutakuletea hesabu ya vitabu vilivyosomwa, vilivyochakaa na vilivyopotea.

Wako kwa heshima,
Mwalimu Mkuu na Wanafunzi."

Angalieni ya kuwa barua hii haikulia sana wala haikusifu kupita kiasi. Msomaji wake aona mara moja ya kuwa waandishi wameanza kazi. Mtu huweka mkono kwa furaha penye mkono mwingine.

4. Chumba na adui za vitabu

Chumba cha vitabu si lazima kiwe kikubwa, lakini kiwe kikavu, chenye mwanga na hewa. Vitabu vina adui watano: maji, jua, mchwa, panya na mikono michafu.

Mvua za Ufipa huanza yapata mwezi wa Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Kabla hazijaanza, panda juu ukatazame bati na misumari yake. Tundu dogo kama punje ya ulezi latosha kuharibu rafu nzima. Usiweke rafu mkabala wa dirisha, maana jua hukausha gundi na kufifisha wino. Usiibananishe rafu na ukuta. Acha nafasi ya kupitisha mkono, ili hewa ipite nawe uweze kuona kama mchwa wamejenga njia zao za udongo. Miguu ya rafu isimame ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari; mchwa hawezi kuyavuka. Makombo ya chakula yasiingie chumbani, ili panya asije akaitwa.

Kitabu kipya kivikwe karatasi ngumu. Karatasi ya mfuko wa saruji, ikiisha kukung'utwa na kupanguswa, yafaa sana. Ukurasa ukichanika, ushone mapema. Pika unga wa ngano na maji mpaka uwe uji mzito, upake kidogo juu ya ukanda wa karatasi nyembamba, ubandike, kisha weka jiwe zito juu ya kitabu usiku kucha. Utepe wa kunata wa dukani waonekana mzuri siku ya kwanza, lakini baadaye huwa wa manjano na kubanduka. Na karibu na mlango yawepo maji na sabuni, ili atokaye shambani anawe kabla ya kufunua.

5. Mpango wa rafu na daftari

Vitabu vikichanganyika, atafutaye hapati. Mwaka 1876 Mmarekani aitwaye Melvil Dewey alitoa mpango wa kugawa maarifa yote katika mafungu kumi kwa hesabu. Fungu la 200 ni dini, la 400 ni lugha, la 500 ni elimu ya maumbile, la 600 ni kazi kama udaktari, ufundi na ukulima, la 800 ni fasihi, na la 900 ni historia na jiografia. Kitabu cha kilimo huwekwa penye 630. Mpango huo hutumika katika maktaba nyingi duniani, hata za Tanzania. Shule ndogo yaweza kuanza kwa rangi tu: nyekundu hadithi, kijani kilimo na wanyama, samawati nchi na historia. Lakini mwanafunzi ajuaye hesabu za Dewey ataweza kuingia maktaba ya Sumbawanga, au ya Nairobi, akapata kitabu bila kuuliza.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Maktaba yahitaji madaftari mawili. La kwanza ni la mali. Kila kitabu kifikapo hupewa nambari yake, nayo huandikwa daftarini pamoja na jina la kitabu, la mwandishi, la mfadhili, na tarehe. Nambari ile ile huandikwa ndani ya kitabu. La pili ni la kuazimisha. Lina safu nne: jina la mwanafunzi, nambari ya kitabu, siku ya kuchukua na siku ya kurudisha. Majuma mawili yatosha kwa kitabu kimoja.

Saa za kufungua zichaguliwe kwa haki. Maktaba ikifunguliwa jioni tu, wasichana wengi hawatafika, maana saa hizo huchota maji na kupika. Basi ifunguliwe pia saa ya mapumziko ya mchana, na wasichana wawe miongoni mwa watunzaji. Na asomaye polepole asichekwe kwa kuchukua kitabu chembamba. Mwenye kumaliza kurasa 16 leo atamaliza 60 mwaka ujao.

6. Kitabu kikipotea

Hapa ndipo penye ugumu wa jambo lote. Vitabu vikitoka, vingine havitarudi. Mmoja utaanguka motoni, mwingine utanyeshewa njiani, mwingine mtoto atahama nao. Mwalimu wa shule ya kwanza alilijua hilo; ndiyo maana alifunga kabati. Je, alikosa?

Turudie hesabu yetu. Katika shule ya pili vitabu vilivyopotea kwa mwaka vilikuwa 6. Katika vitabu 300, hivyo ni 2 katika kila 100. Na kwa kuwa kuazimisha kulikuwa 3,000, kimoja kilipotea kwa kila mara 500. Yaani watoto 500 walisoma, na kitabu kimoja kikapotea. Katika shule ya kwanza hakikupotea hata kimoja, lakini vyote viliharibika, na hakuna mtoto aliyesoma. Ipi ni hasara kubwa zaidi?

Wakulima wa Ufipa wana hekima ya zamani. Hulima nyasi na kuzifukia ndani ya matuta ya mviringo, nazo zikioza hurutubisha udongo, na mazao huota juu yake. Nyasi zikifukiwa huwa chakula. Kitabu kikifukiwa kabatini hakioti kitu.

Tena kufuli si ya chuma tu. Nairobi iko maktaba ya McMillan, nyumba nzuri ya mawe iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa ukumbusho wa mtu tajiri. Vitabu vilijaa ndani yake, lakini kwa miaka mingi Waafrika hawakuruhusiwa kusoma humo, mpaka karibu na mwisho wa utawala wa kikoloni. Mlango ulikuwa wazi kwa wengine na umefungwa kwa wenyeji wa nchi. Sisi tujihadhari tusiifunge maktaba yetu kwa namna nyingine: kwa faini ambayo mtoto wa maskini hawezi kuilipa, au kwa ukali unaomtia hofu asiazime kabisa.

Basi aliyepoteza kitabu afanyweje? Kwanza aseme kweli upesi. Kisha, kama ilikuwa bahati mbaya, iandikwe hivyo daftarini. Kama ulikuwa uzembe, atoe kazi: Jumamosi mbili avike vitabu karatasi na kubandika kurasa zilizochanika. Akiisha, aruhusiwe kuazima tena. Mtoto aliyebandika kurasa 20 kwa mikono yake hatakunja tena ukurasa kwa ujinga.

Na mfadhili aambiweje? Aambiwe kweli. Barua ya mwisho wa mwaka isema: "Ulituletea vitabu 300. Vimesomwa mara 3,000. Vimechakaa 22, navyo tumevishona. Vimepotea 6, na sababu zake ni hizi." Mfadhili mwenye akili akisoma barua hiyo hatakasirika. Atajua ya kuwa vitabu vinatembea. Atakayemtilia shaka ni yule aandikaye kila mwaka, "Vyote viko salama," maana kitabu kisichochakaa ni kitabu kisichosomwa.

7. Rafu yetu wenyewe

Liko fungu moja la vitabu ambalo hakuna mfadhili wa mbali awezaye kulileta. Zamani mafundi wa Kifipa walijenga matanuru marefu ya udongo, kupita kimo cha mtu, wakayeyusha mawe ya chuma humo kwa moto uliovuta hewa wenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivuo. Kisha waliyeyusha tena katika tanuru dogo lenye mivuo, wakafua majembe yaliyouzwa mbali. Kazi hiyo ilikoma majembe ya kigeni yalipoenea. Mabaki ya matanuru yangalipo katika uwanda, lakini maneno ya mafundi, miiko yao na majina ya miti waliyochoma makaa yalikuwa vichwani mwa wazee tu. Mzee akifa, maktaba yake huzikwa pamoja naye, isipokuwa awepo mtu wa kuandika.

Kwa hiyo rafu moja iachwe tupu kwa vitabu vya shule yenyewe. Darasa moja liandike majina ya miti ya msitu wa Mbizi na matumizi yake. Jingine liandike historia ya kijiji kama wazee walivyoisimulia, na jina la kila msimulizi. Jingine likusanye vitendawili vya Kifipa pamoja na maana yake kwa Kiswahili. Andikeni kwa hati safi, shoneni kwa uzi, vikeni karatasi ngumu, mpe kila kitabu nambari yake katika daftari la mali. Penye safu ya mfadhili andikeni: "Darasa la Sita."

Hapo shule itakuwa imepokea na kutoa pia. Kitabu cha 301 kitakaa rafuni karibu na vile 300, nacho kitaazimwa kama vingine.

Maneno ya kukumbuka

Mfadhili: atendaye wema bila kudai malipo.
Mpagazi: achukuaye mizigo ya watu safarini kwa ujira.
Kuazima: kuchukua kitu cha mwingine kwa muda na kukirudisha.
Kuazimisha: kumpa mwingine kitu kwa muda.
Mwanagenzi: ajifunzaye kazi kwa fundi.

Maswali

1. Kwa nini vitabu 300 vya shule ya pili vilikuwa na faida kuliko vitabu 1,000 vya shule ya kwanza?
2. Taja njia tatu ambazo mizigo ilifika Ufipa tangu mwaka 1885 hadi leo.
3. Carnegie aliweka sharti gani kwa mji ulioomba maktaba? Mji uliopewa dola 25,000 ulipaswa kutoa kiasi gani kila mwaka?
4. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulifanyaje kazi mbili kwa fedha moja?
5. Taja adui watano wa vitabu, na dawa ya kila mmoja.
6. Maktaba ina vitabu 450, na kila kimoja huazimwa mara 8 kwa mwaka. Vitabu 9 vimepotea. Kimoja kimepotea kwa kila mara ngapi za kuazimisha?
7. Je, mwalimu aliyefunga kabati alitenda vema? Toa sababu mbili za kumtetea na mbili za kumpinga.
8. Andika barua ya kumwomba mfadhili vitabu kwa shule yako. Taja kwanza mambo ambayo shule yako imekwisha kuyafanya yenyewe.
9. Mwulize mzee mmoja nyumbani juu ya kazi ya zamani ambayo haifanywi tena. Andika maneno yake katika kurasa mbili, na umsomee ulivyoandika kabla ya kuleta shuleni.